Bata wa Uongo wa Mwisho wa Januari

Rehema na Josefu, wanangu,

Siku ile ya keki ya kuniaga dukani mliniuliza swali, nami nilikuwa na kipande mdomoni, nikashindwa kujibu. Mliniuliza, "Bibi, unajuaje bata yupi atolewe na yupi abaki kwenye gunia, msimu ukiwa unaisha?" Sasa nina wiki tatu nyumbani, magoti yametulia, nikaona niwajibu kwa maandishi. Nilisoma mpaka darasa la nne kule Vanga, pwani ya Kenya, basi msinitafutie nukta na mkato. Anayepiga chapa ni mjukuu wangu Salma. Akikuta kosa ana ruhusa ya kucheka, ruhusa ya kurekebisha hana.

Nilikuja hapa Mesquite, Texas, miaka ya tisini ikikaribia kwisha, kumlelea mwanangu Athumani watoto wake. Watoto wakaanza shule, nikabaki mimi na televisheni. Athumani alikuwa akiendesha lori, na mojawapo ya mahali alipokuwa akishusha mizigo ni hapo dukani kwenu, duka la vifaa vya wawindaji. Siku moja akaja akasema, "Mama, Dwight mwenye duka anatafuta mtu wa kuosha bata."

Nikamwambia hiyo kazi naijua tangu utoto. Asubuhi nikavaa buibui langu, nikatia kisu changu cha kuchinjia kwenye mkoba, na sufuria kubwa ya maji ya moto ya kunyonyolea, maana sikujua kama wenzetu wana sufuria. Dwight, Mungu amzidishie, akatufungulia mlango wa nyuma. Wallahi nilishtuka. Bata mia na zaidi wananing'inia kutoka darini kwa kamba za shingo, kimya, macho wazi.

"Astaghafirullah," nikamwambia Athumani, "hawa wamenyongwa!"

Hapohapo nikatoa kisu nimwonyeshe Dwight kwamba kuna njia ya sawa ya kufanya mambo haya. Dwight akarudi nyuma hatua mbili. Athumani alicheka mpaka akakaa chini kabla hajaweza kutueleza, mimi kwa Kiswahili na Dwight kwa Kiingereza. Bata wale ni wa plastiki. Wawindaji huwaelesha kwenye bwawa, bata wa kweli akipita juu awaone, adhani wenzake wamepata chakula na amani, ashuke. Wenyewe wanaita dikoi. Mimi tangu siku ile nikawaita bata wa uongo, na baada ya mwaka hata Dwight alikuwa akisema "uongo" kwa lafudhi yake, wateja wakidhani ni jina la kampuni.

Jina langu Zuhura lilimshinda. Akalikata, nikawa Miss Zoo. Athumani aliponieleza kwamba hiyo zoo ni bustani ya kufugia wanyama, nilinuna siku mbili. Halafu nikatazama kuta za chumba changu cha kazi, bata kila upande, nikaona hajakosea sana.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odis. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mtu mweusi wa hapahapa Texas, upande wa mashariki kwenye misonobari, kichwa cheupe, aproni ambayo rangi yake ya mwanzo hakuna aliyeikumbuka. Yeye alikuwa akipaka rangi bata waliochujuka, mimi nikiosha, nikibadilisha kamba na kukaza vile vipande vizito vya madini ya risasi vinavyofungwa chini kwenye mkuku, ule uti wa tumboni, ili bata asipinduke. Mwezi mzima hakuniambia neno zaidi ya "kausha" na "bado". Siku ya kwanza kunisifu alisema, "Huyu si mbaya." Nikaenda nyumbani nikapika pilau.

Odis alikuwa na ngazi ya mbao uwanjani nyuma ya duka. Akimaliza kupaka, huwapanga bata kwenye nyasi, anapanda ngazi mpaka juu, anawatazama kwa jicho moja. Siku moja akaniambia, "Panda na wewe, dada."

"Na buibui hili?"

"Bata hajali umevaa nini. Bata anatazama kutoka juu. Wewe kila siku unawatazama kutoka mezani."

Nikapanda. Kutoka juu niliona nisichowahi kukiona mezani. Bata mmoja mgongo unameta kama sahani iliyotoka kuoshwa. "Unaona mwanga ule?" Odis akasema. "Bata wa kweli akilowa hang'ai hivyo. Akiona mng'ao anajua kuna mtu." Ndiyo maana rangi yetu ni ile isiyong'aa, na ndiyo maana ngazi ile mliikuta imechakaa vile. Kila mteja aliyewahi kumwona bibi wa Kiislamu juu ya ngazi katikati ya baridi, amefumba jicho moja, alirudi na rafiki yake aje kushuhudia. Dwight alisema mimi ni tangazo la bure.

Na mimi nilikuwa na changu cha kumfundisha Odis. Kule Vanga nilifuga bata miaka mingi uani. Siku moja nikamwambia, "Huyu mtoe. Na huyu. Na huyu."

"Kwa nini? Hao ndio wazuri, vichwa vimesimama."

"Vimesimama kwa sababu wameogopa. Bata aliyeshiba anakunja shingo, anatia mdomo mgongoni, analala. Akinyoosha shingo hivi, ameona kitu, na kila bata mwenzake anajua."

Odis akanitazama. "Nani kakufundisha haya?"

"Mwewe," nikamwambia. "Mwewe wa Vanga. Alinilia vifaranga kumi na wawili kabla sijaelewa."

Toka siku hiyo tukawa tunachagua pamoja. Novemba ni kazi rahisi, Rehema. Bata wanashuka kutoka kaskazini wachovu, vijana, hawajaona kitu. Hata ukiweka bata wa uongo dazeni nne vichwa juu, watakuja. Januari ni mambo mengine. Waliobaki ni walionusurika. Wamepigiwa bunduki kwenye kila bwawa kuanzia huko juu mpaka kwetu. Bata wa Januari ni kama mjane aliyeposwa na matapeli sita: ukimletea habari nzuri mno ndiyo anafunga mlango. Tena Januari wameshaanza kwenda wawili wawili, dume na jike, na dume amevaa nguo zake zote, kichwa kijani, mstari mweupe shingoni, safi. Ukimwekea kundi la sokoni anapita. Weka wachache, jozi jozi, wenye shingo fupi, rangi mbichi isiyong'aa, na uwaachie nafasi katikati, kama watu wa nyumba moja ambao hawajagombana.

Hilo ndilo jibu la swali lenu, na ningeweza kuishia hapa. Lakini hili sikulijua kwa akili tu. Nililipa kwa kosa, na kosa lenyewe lilimwangukia mtu mwingine. Mtu huyo ni Vernon.

Vernon alikuwa fundi wa mabomba aliyestaafu, mjane, mteja wetu wa miaka. Akija hununua kitu kimoja kidogo na kukaa saa mbili. Januari moja alikuja na gunia la turubai, akaliweka juu ya meza yangu polepole kama mtu anayelaza mtoto. Ndani bata thelathini wa mbao, hakuna wawili waliofanana. Baba yake ndiye aliyewachonga kwa mkono.

"Miss Zoo," akasema, "moyo wangu umechoka. Mwisho wa mwezi huu nakwenda Houston kupasuliwa. Binti yangu Loretta ni muuguzi kule, ana nyumba Pearland, nitakaa naye. Daktari amesema baada ya hapo maji ya baridi basi, kuwinda basi." Akakung'uta vumbi mgongoni mwa bata mmoja. "Tangu baba afariki sijawahi kuwatoa hawa. Niliogopa watapotea, watavunjika. Sasa nataka mara moja tu niwaone bata wa kweli wakitua katikati yao. Nina Jumamosi tatu."

Odis hakuwepo. Dada yake alikuwa amefariki, amekwenda kwao kuzika, siku kumi. Nikamwambia Vernon, "Niachie. Nitawatengeneza kama wa kwangu."

Na hapo ndipo nilipoharibu. Plastiki nilikuwa naijua. Mbao nilidhani naijua zaidi. Hawa walikuwa wamekauka, wamepasukapasuka, rangi imebaki kidogo. Kwetu pwani mbao ikifika hali ile tunasema ina kiu, na mbao yenye kiu hulishwa mafuta ya nazi. Milango, masanduku ya arusi, vitanda vya kamba, vyote nimevilisha tangu nikiwa msichana. Athumani akanipeleka duka la Wahindi kule Irving, nikanunua makopo manne. Siku tatu nikawasugua wale bata mmoja mmoja kwa kitambaa, nikiwasomea na bismillahi juu yake. Wakanywa. Nyufa zikaziba, kijani cha zamani kikatokea, wakawa kama wametoka kwa fundi jana. Ngazi nilikuwa nayo pale nje hatua ishirini. Sikupanda. Nilikuwa nimeridhika, na aliyeridhika hapandi ngazi.

Vernon alipowaona alitoa leso. "Baba mwenyewe hakuwahi kuwaona hivi," akasema.

Jumamosi ya kwanza jirani yake alimpeleka kwenye bwawa upande wa Kaufman. Hakuna aliyetua. Akasema ni upepo. Jumamosi ya pili tena. Jumatatu akaja dukani na gunia lake, na Odis alikuwa amerudi.

"Wanakuja," Vernon akatueleza. "Wanashuka mpaka usawa wa miti, miguu wameshaitoa. Halafu wanageuka ghafla kama watu walioona polisi."

Odis akafungua gunia. Akanusa. "Nani amepika humu?"

Akatoa dume mmoja, akatoka naye uwanjani kwenye jua, akamweka kwenye nyasi, akapanda ngazi. Hakukaa juu hata dakika. Akashuka akaniambia, "Panda, dada."

Nilipanda. Sikuona bata. Niliona kioo.

Nilishuka, nikamwendea Vernon pale alipokaa kwenye ndoo ya rangi, nikamwambia kwa Kiingereza changu chote nilichokuwa nacho kwamba ni mimi. Nimewapaka mafuta, na mafuta yanang'aa, na Jumamosi zake mbili nimezila mimi. Nilingoja anitukane. Ningeona nafuu. Alitazama mikono yake tu.

"Imebaki moja, Miss Zoo," akasema.

Dwight, aliyekuwa mlangoni anasikia, akasema, "Vernon, chukua bata wa plastiki wowote unaowataka humu dukani. Chukua dazeni tano. Nakupa."

"Plastiki ninao nyumbani," Vernon akamjibu. "Sikuja kwa ajili ya bata."

Tulikuwa na siku tano. Mbao ikishakunywa mafuta haikubali rangi, inateleza. Odis alitaka kuwafuta kwa tapentaini tu. Nikamwambia kwanza tuyavute kwa unga, kama unavyovuta mafuta ya nguo. Nikaleta unga wa mahindi kutoka jikoni kwangu, mfuko mzima wa ugali wa wiki mbili, tukawazika bata ndani ya beseni karibu na hita. Kila baada ya saa chache tunatoa unga uliolowa, tunatia mwingine. Chumba kizima kikanuka nazi na mahindi. Wateja wakaulizia kama tunauza vitafunio.

Jumatano Odis akajaribu rangi kwa mmoja, ikashika kidogo. Akahesabu kwa vidole. "Kumfuta kila mmoja, kumpaka, kumkausha, kumpaka tena. Mpaka Ijumaa tutamaliza sita. Saba hatufiki." Akamgeukia Vernon, aliyekuwa akija kila siku kutuangalia. "Sita kati ya thelathini. Dada atachagua."

Vernon aliwapanga wote thelathini kwenye nyasi, wazuri mbele. Nikapanda ngazi, upepo wa kaskazini unanipiga mtandio machoni. Vernon chini, ameshika ngazi kwa mikono miwili, maana hakumwamini Odis kuishika.

"Yule wa mbele," akaniambia. "Anza na yule."

Yule wa mbele alikuwa dume mkubwa, shingo imesimama kama askari, kifua nje. Kwa uzuri hakuna aliyemfikia.

"Huyo hapana," nikasema.

"Hapana? Miss Zoo, huyo baba alimchonga wiki niliyozaliwa mimi!"

"Ndiyo maana amenyoosha shingo. Baba yako alikuwa na furaha. Lakini bata akimwona atasema, huyu mwenzetu ameona bunduki."

"Basi yule pembeni yake."

"Shingo hiyohiyo."

"Yule?"

"Yule ndiye aliyemwonya wa kwanza."

Odis akaanza kucheka, akajificha nyuma ya mlango. Vernon hakucheka. Uso ulikuwa mwekundu, na nilimwogopea ule moyo wake. "Unawaacha wazuri wote!" akanipigia kelele. "Unamwacha baba yangu kwenye gunia!"

Nikashuka vidato viwili ili nisimsemee kutoka juu kama imamu. Nikamwonyesha kwa kidole nilichokuwa nimekiona: nyuma kabisa, wale aliowapanga mwisho kwa aibu. Jike mmoja amelala, mdomo mgongoni. Dume ameinamisha kichwa kama anakunywa. Wengine wanne, shingo fupi, migongo haikupigwa msasa vizuri, alama za patasi zinaonekana.

"Hawa ndio sita wangu," nikamwambia. "Majike watatu, madume watatu. Wale wazuri baba yako aliwachongea watu. Hawa aliwachongea bata."

Vernon akaiachia ngazi. Akaenda nyuma, akamwokota yule jike aliyelala, akamgeuza chini juu. Kamba iliyofungwa kwenye mkuku wake ilikuwa imechakaa kuliko za wengine wote, imefungwa na kufunguliwa mara nyingi mpaka imekuwa kama pamba.

"Januari," akasema taratibu, "baba alikuwa akituachia nyumbani lile gunia kubwa. Alikuwa akienda na kamfuko kadogo begani. Nilikuwa mtoto, nilidhani amechoka kubeba." Akamtazama tena yule jike. "Alikuwa hajachoka, sivyo?"

"Hata kidogo," Odis akamjibu kutoka mlangoni.

Ijumaa jioni sita walikuwa tayari. Odis aliwapaka, mimi nikawafunga kamba mpya, na safari hii nilipanda ngazi mara nne. Vernon akaondoka nao kwenye mfuko wa soko. Jumamosi yote nilikuwa dukani, nikabadilisha kamba za bata mmoja mara mbili bila kujua. Odis akaniuliza kama nami napasuliwa Jumanne. Simu haikulia. Jumapili Loretta alikuja kumchukua baba yake, wakapitiliza kwenda Houston bila kusimama, nikasema basi. Angekuwa na la kusema angesimama.

Jumatatu asubuhi Dwight akaniita kaunta. "Miss Zoo, simu yako. Kutoka Pearland."

Simuni Kiingereza changu hupotea kabisa, na Vernon alilijua hilo. Kwa hiyo hakusema maneno. Nilichosikia ni pumzi, halafu mluzi mwembamba unaoshuka, fyuuuu, kama mbawa zinazokata upepo. Halafu kwa mdomo, chwaa. Halafu tena. Chwaa.

"Wawili?" nikauliza.

"Wawili."

"Pamoja?"

"Pamoja, Miss Zoo. Jike mbele. Walitua kati ya yule aliyelala na yule anayekunywa, wakakaa, wakaanza kujikuna."

"Ukapiga?"

"Nikapiga."

"Ukapata?"

"Nilipata maji," akasema, na akacheka hata nikamsikia Loretta nyuma yake anamkataza asicheke hivyo, kesho ana operesheni. "Sikusimama jana kwa sababu ningelia mbele ya Odis. Asingesahau maishani."

Nikamwambia nitamwombea. Akasema, niombee. Akasema na wale ishirini na wanne waliobaki mezani kwangu nisiwakimbize, niwatoe mafuta kwa nafasi, atawafuata mwenyewe. Nikamjibu ndiyo kwa sababu hakuna jibu jingine la kumpa mtu anayekwenda kupasuliwa. Nikarudisha simu kwa Dwight, nikarudi kwenye beseni langu la unga.

Nilikwenda nao taratibu kweli. Wa mwisho kukauka alikauka Aprili, na wiki hiyohiyo gari la Loretta likasimama mbele ya duka. Vernon alikuwa kiti cha mbele, amekonda, koti amevaa katika joto lile. Loretta akazunguka mbio kumfungulia mlango na kumshika mkono. Aliukataa mkono. Akaweka mguu mmoja chini, akapumzika, akaweka wa pili, akashuka mwenyewe.